Jinsi ya kuirudisha HP-35 ndani ya simu: anza na rundo, sura baadae

Watu wengi wakitaka kutengeneza apu ya kalkuleta ya kizamani wanaanza na rangi, wanahangaika na vivuli vya vitufe wiki nzima, halafu hesabu zenyewe wanazisukumia mwishoni. Mi mwenyewe nilianza hivohivo nikaishia na kitu kizuri cha kutazama ambacho kinasema (3+4)×(5+6) ni 55. Ntaeleza hiyo 55 ilitokea wapi, maana ukiielewa hiyo umeshaielewa nusu ya mashine.

Kwa nini HP-35? Kwanza ndo mama yao. Hewlett-Packard waliitoa 1972 kule Marekani kwa dola 395, kalkuleta ya kwanza ya mkononi yenye sin, cos, tan na logi, na Bill Hewlett alitaka iingie mfuko wa shati. Jina ni idadi ya vitufe, viko 35. Pili ni ndogo, mtu mmoja anaimaliza. Ukianza na Casio ya shule yenye mabano, sehemu na takwimu utakata tamaa njiani.

Sasa ukiishika mara ya kwanza utatafuta kitufe cha sawasawa mpaka uchoke, hakipo, na mabano hayapo. Unaweka namba kwanza, alama ya hesabu inakuja mwisho, mtindo uliotokana na uandishi wa yule Mpolandi wa mantiki Jan Łukasiewicz. Kujumlisha 3 na 4 unabonyeza 3, ENTER, 4, halafu +.

Fungua Android Studio, programu ya kutengenezea apu za Android, anza mradi mpya wa lugha ya Kotlin, na usiguse skrini kabisa. Tengeneza faili moja la injini lisilojua chochote kuhusu simu. Ndani yake weka namba nne, X, Y, Z na T, zifikirie kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, hilo ndo rundo, X iko chini kabisa na ndo ile unayoiona kwenye kioo. Ukiongeza namba mpya zote zinasogea, X inaenda Y, Y inaenda Z, Z inaenda T, na iliyokuwa T inapotea. Ukijumlisha, X na Y zinakuwa moja na zingine zinarudi chini hatua moja, ila hapa kuna kitu watu wanakisahau, T ikirudi inaacha nakala yake palepale, haiachi sifuri.

Haya tuje kwenye 55 yangu. ENTER inainakili X kwenda Y, kwa hiyo baada ya 3 ENTER una 3 mbili. Ukibonyeza 4, hiyo 4 inatakiwa IFUTE 3 iliyoko X na isisukume kitu. Lakini baada ya + ukibonyeza 5, hiyo 5 inatakiwa isukume jibu juu. Yaani kitendo kilekile cha kuandika namba kina tabia mbili kutegemea umetoka kubonyeza nini. Injini yangu ilikuwa inasukuma kila mara, basi 5 zikabaki mbili kwenye rundo, 6 ikajumlishwa na 5 ikawa 11, halafu 11 ikazidishwa na ile 5 ya ziada badala ya 7. Dawa yake ni swichi moja ya ndiyo au hapana, mi naiita sukuma. ENTER na CLx (kitufe cha kufuta X) zinaizima, hesabu kama + au sin zinaiwasha, na tarakimu ya kwanza ya namba mpya inaiangalia kabla ya kufanya lolote. Mstari mmoja tu ila ulinilaza macho siku mbili.

Kabla hujaendelea andika majaribio. La kwanza: 3 ENTER 4 + 5 ENTER 6 + × lazima itoe 77. La pili nalipenda zaidi kwa sababu ni la dukani. VAT ya kawaida ya kwetu Tanzania bara ni asilimia 18, kwa hiyo bonyeza 1.18 ENTER ENTER ENTER, halafu 5000 ×, inatoka 5900. Bonyeza CLx, 12000 ×, inatoka 14160. Endelea na bei zingine namna hiyohiyo bila kuiandika tena 1.18, inatakiwa ifanye kazi mpaka kesho. Kama bei ya nne inaleta sifuri, T yako haiachi nakala, rudi juu ukasome tena.

Kuhusu namba zenyewe, usitumie Double, aina ya namba ya Kotlin inayohesabu kwa mbilimbili, kwa kujumlisha na kuzidisha, maana simu itakwambia 0.1 na 0.2 ni 0.30000000000000004. HP-35 ilikuwa inahesabu kwa tarakimu za kumi kumi kama sisi, si kwa mbilimbili. Tumia BigDecimal, aina inayohesabu kwa kumi kumi, na uikate kwenye tarakimu 10. Angalia tu, BigDecimal inaona 2.0 na 2.00 ni vitu tofauti ukizilinganisha kwa equals, tumia compareTo la sivyo majaribio yako yatafeli na wewe hujui kwa nini.

Kwa sin, logi na wenzake, mashine ya asili ilikuwa na maagizo 768 tu kwenye kumbukumbu yake yote, na David Cochran alizibana humo kwa njia ya CORDIC, mbinu aliyoitoa Jack Volder 1959, kujumlisha na kusogeza tarakimu tu. Ukiwa na muda iandike, inafurahisha sana. Ukiwa na haraka ipeleke kwenye Double, ina tarakimu 15 hivi zinazoaminika na wewe unaonyesha 10, halafu irudishe BigDecimal. Mtego uko kwenye digrii, HP-35 haina redia (kipimo kingine cha pembe, ambacho sin ya Kotlin inakitaka) kabisa, na ukibadilisha 180 kuwa redia kisha ukaomba sin unapata kitu kama 1.22 mara kumi kipeo -16 badala ya sifuri. Ondoa mizunguko ya 360 kwanza, halafu 0, 90, 180 na 270 ziandikie majibu yake wewe mwenyewe bila kuiuliza Double.

Kingine, kipeo. Kwenye mashine hii 2 kipeo 8 unabonyeza 8 ENTER 2 halafu kitufe cha kipeo, yaani kipeo kinatangulia! HP walikuja kugeuza kwenye matoleo ya baadae, kwa hiyo mtu aliyezoea hayo atakuandikia kwamba apu yako mbovu. Mwache.

Sasa ndo uende kwenye skrini. Kioo cha asili kina nafasi 15 za taa nyekundu, alama ya hasi, tarakimu 10, nukta, halafu alama na tarakimu mbili za kipeo. Umeona nimeitaja nukta peke yake? Nukta inakaa kwenye chumba chake, ndo maana fonti za taa za siku hizi ambazo zinaibandika nukta pembeni ya tarakimu zinaharibu sura yote. Chora mwenyewe kwa Canvas, ubao wa kuchorea wa Android, vipande saba kwa kila tarakimu, si kazi kubwa. Namba zinaanzia kushoto, sifuri za mkiani hazionyeshwi, na ukigawa kwa sifuri haiandiki neno lolote, inawakawaka sifuri tu.

Vitufe navyo vina ujanja. Safu tatu za juu zina vitano vitano, ya nne ina ENTER pana na vitatu, nne za chini zina vinne vinne, kwa hiyo gridi moja haitakubali. Tumia Row ya Compose (zana ya Android ya kupanga skrini) kila safu na uipe ENTER uzito, yaani upana, mara mbili. Mguso upokee kidole kikishuka, usisubiri kinyanyuke, maana anayebonyeza haraka kwa vidole gumba viwili atapoteza tarakimu, na weka mtetemo mfupi kila kitufe kikiguswa. Rundo liweke kwenye ViewModel, sehemu ya apu inayotunza data skrini ikigeuka, ili simu ikilazwa lisifutike. HP-35 halisi ilikuwa inasahau kila kitu ukiizima, ila uaminifu wa kiasi hicho mi siutaki, nalihifadhi.

Nembo ya HP usiibandike, ni mali ya watu, ipe apu yako jina lako.

Imebaki kasoro maarufu ya 2.02. Mashine za mwanzo ukiandika 2.02, ln (logi ya asili), halafu e kipeo x inayotakiwa kuirudisha namba ileile, zilikuwa zinarudisha 2 kamili, ile 0.02 ya mwisho imeliwa, na kampuni ikajitolea kuwabadilishia wateja. Kasoro hiyo nimeiweka kwenye mipangilio ya apu kama swichi, imezimwa mwanzoni. Rafiki yangu mhasibu aliiwasha bila kujua akanipigia simu usiku.