Jinsi ya kuratibu utafiti wa dawa ya hedhi nzito huku kwetu Mwanza

Naandika kwa manesi na maafisa tabibu mnaoingia kwenye kuratibu utafiti wa dawa za uzazi kwa mara ya kwanza. Mfano wangu ni hedhi nzito maana ndo utafiti niliokaa nao.

Hatua ya 1, vibali. Usiandikishe mtu kabla hujapata kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), ni viwili tofauti na kimoja hakizibi nafasi ya kingine. Halafu barua za mkoa, wilaya, kijiji. Visiwani nenda pia kwa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, wale ndo wanaujua mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Hatua ya 2, kalenda, hapa tukae kidogo. Protokali, yani mpango ulioandikwa wa utafiti, itasema mama aje kila siku 28, sasa mama wa dagaa ratiba yake inafuata mwezi wa angani, giza likiingia mitumbwi inatoka usiku na taa, asubuhi yeye yuko mchangani anaanika na hata umpe nauli mara mbili haji. Mbalamwezi wavuvi wanapumzika, hapo unampata. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwahiyo kila hudhurio linatangulia siku moja na nusu, yani hudhurio lililoanzia mbalamwezi baada ya miezi sita limeshasogea siku 9 na linaangukia giza. Mi naomba nafasi ya siku kadhaa mbele na nyuma tangu protokali inaandikwa, maana ukitaka kuibadilisha baadaye unarudi tena kwenye vibali. Na siku za giza nesi amfuate mama mwaloni.

Hatua ya 3, ridhaa. Asiyesoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti. Mwambie wazi kwamba anaweza kupangiwa kidonge kisicho na dawa, na kwamba akikataa matibabu yake ya kawaida yanaendelea vilevile. Kisha akuelezee yeye kwa maneno yake, kwa Kisukuma au Kikerewe sawa tu, akikwama anza upya.

Hatua ya 4, kupima damu. Tunatumia chati ya picha, pedi yenye damu kidogo alama 1, ya wastani 5, iliyojaa 20, jumla ikizidi 100 kwa hedhi moja hiyo tunahesabu nzito. Chati imechorwa kwa pedi na wamama wengi wanatumia vipande vya kanga, kwahiyo gawa pedi za aina moja kwa wote, la sivyo namba zako hazilinganishiki.

Hatua ya 5, simu. Uliza simu ni ya nani! Niliwahi kutuma meseji ya kumkumbusha dada mmoja tarehe yake, mume akaisoma kwanza, yule dada aliulizwa maswali usiku kucha na hakurudi tena kliniki. Siku hizi nakubaliana na kila mmoja neno la kutumia, mwingine anasema niandike tu "kikao cha kikoba".

Hatua ya 6, mimba. Pima mkojo kabla ya kumpa dawa, kila hudhurio. Akishika mimba dawa inasimama ila jina lake halifutwi, toa taarifa kwa wafadhili na bodi ya maadili kwa muda uliowekwa, mfuatilie mpaka ajifungue, na mtoto akizaliwa andika uzito wake na hali yake.