Jinsi ya kuingia Hifadhi ya Eduardo Avaroa, Bolivia: viza, kiingilio na kutoka kupitia Chile

Hifadhi ya Eduardo Avaroa iko kwenye pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Bolivia, mkoa wa Potosí, inapopakana na Chile na Argentina. Ilianzishwa mwaka 1973 ili kuwalinda wanyama wa Andes, akiwemo vikunya, mnyama mdogo wa jamii ya ngamia aliyewindwa kwa ajili ya manyoya yake mpaka akakaribia kumalizika. Ina zaidi ya hekta 700,000, na karibu yote iko juu ya mita 4,200.

Kibali cha kuingia hununuliwa getini, lakini kufika kwenye hilo geti ukiwa na kila kinachotakiwa ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu ukikosa kitu hapo hakuna benki, hakuna duka la maana, na mara nyingi hakuna mtandao wa simu.

Anza na viza. Bolivia imezigawa nchi za dunia katika makundi matatu. Kundi la kwanza linaingia bila viza, la pili linahitaji viza, na la tatu viza yake haitolewi mpaka Idara ya Uhamiaji ya Bolivia itoe idhini kwanza. Angalia kundi la nchi yako kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje, usitegemee orodha ulizotumiwa na rafiki, maana nchi huhamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine. Kama uko kundi la tatu, usilipie tiketi ya ndege kabla idhini haijatoka. Karatasi zenyewe ni zile tulizozoea: pasipoti yenye miezi sita mbele, fomu ya kiapo inayojazwa mtandaoni, ratiba ya safari, uthibitisho wa malazi na taarifa ya benki. Kama unapanga kutoka Bolivia kupitia Chile, andika hivyo kwenye ratiba.

Kadi ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Chanjo inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kuchanja wiki ya safari hakukusaidii. Kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10 usiitupe: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Hakikisha tu jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Ukishafika Bolivia, safari nyingi zinaanzia mji wa Uyuni, ulio kwenye kimo kinachokaribiana na kile cha kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Aliyepanda Kilimanjaro atanielewa haraka. Ndani ya hifadhi utalala juu zaidi ya hapo, na chemchemi za mvuke za Sol de Mañana ziko juu kuliko kambi ya Kibo. Tofauti ni kwamba huku unapandishwa na gari, na mwili haupati ule muda wa kuzoea unaoupata ukitembea. Lala Uyuni angalau usiku mbili kabla ya kuondoka. Kama umetoka moja kwa moja pwani, Dar au Mombasa, ongeza. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, mwambie dereva mapema, wala usione haya. Dawa ya kweli ni kushuka.

Sasa tuje kwenye hatua iliyotugharimu. Wakala aliyetuuzia safari ya siku tatu alituhakikishia kwa mdomo kwamba kila kitu kimelipwa. Stakabadhi ilisema tu "usafiri, chakula, malazi". Tulipofika kwenye kituo cha ukaguzi cha ziwa la Laguna Colorada, dereva alizima gari na kutuambia kila mmoja ashuke na pasipoti na pesa yake. Kiingilio cha mgeni kwa miaka mingi kimekuwa boliviano (pesa ya Bolivia) 150, na kinalipwa taslimu, kwa boliviano. Mama mmoja kwenye gari letu alikuwa na dola tupu. Alisimama pale kwenye upepo akihangaika na pochi huku magari mengine yakitupita, mpaka dereva akambadilishia pesa kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Hakuwa na la kufanya. Kwangu hilo si jambo dogo: mtu aliyeweka akiba kwa miaka aje kuona heroe (flamingo) hapaswi kutiwa unyonge mlangoni kwa sababu muuzaji hakutaka kutamka bei yote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa Uyuni, muulize wakala maswali haya na umwambie ayajibu kwa maandishi: je, kiingilio cha hifadhi kimo? Kisiwa cha Incahuasi kwenye uwanda wa chumvi je? Maji ya moto ya Polques je? Usafiri wa kutoka mpakani mpaka San Pedro de Atacama, mji ulioko Chile, je? Mara nyingi jibu la maswali yote manne ni hapana, na hilo halina ubaya mradi ulijue mapema. Kisha nenda kwenye ATM ukiwa bado mjini, utoe boliviano za kutosha kwa kiingilio na karibu kiasi kama hicho tena kwa matumizi madogo, na uombe noti ndogo dukani. Noti iliyochanika hata kidogo inaweza kukataliwa, hasa ikiwa ni dola.

Ukilipa getini, chukua tiketi yako mwenyewe na uihifadhi ndani ya pasipoti. Inaweza kuulizwa tena unapotoka, na mlango wa kutokea si ule ulioingilia. Wanaoingia Bolivia wakitokea Chile wao hulipia karibu na ziwa la Laguna Blanca, muda mfupi baada ya mpaka, kwa hiyo nao wanahitaji boliviano mkononi kabla hawajauona mji wowote wa Bolivia. Wabadilishe pesa San Pedro.

Ndani, kaa kwenye njia za magari na usiwasogelee ndege. Laguna Colorada ni maji mekundu ambayo sehemu kubwa hayafiki kiunoni, yenye rangi ya mwani unaoliwa na heroe, na visiwa vyeupe vya boraksi (aina ya madini ya chumvi) katikati. Aina tatu za heroe hukutana hapo: wa Chile, wa Andes na wa James. Huyu wa James alidhaniwa ametoweka mpaka alipopatikana tena miaka ya 1950 kwenye ziwa hilohilo. Mguu wake ni mwekundu na mdomo ni wa njano wenye ncha nyeusi. Wa Andes miguu yake ni ya njano. Ukija kati ya Novemba na Machi utawakuta wengi, ila mvua za Januari na Februari huharibu njia. Juni na Julai anga ni safi, lakini usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo kodi begi la kulalia Uyuni. Pale Sol de Mañana usikanyage ukingo wa matope yanayochemka, hata ukimwona mwenzako anapiga picha hapo.

Hatua ya mwisho ni mpaka wa Hito Cajón, zaidi ya mita 4,400 juu. Viza ya Chile, kama unaihitaji, iwe tayari kwenye pasipoti, kwa sababu ukishagongwa muhuri wa kutoka Bolivia na Chile ikakukataa, Uyuni iko nyuma yako mwendo wa siku nzima. Upande wa Chile utajaza tamko la vyakula na mimea. Matunda, mbegu na asali vitaje vyote. Majani ya koka, ambayo Bolivia yanatafunwa hadharani kutuliza athari za mwinuko, Chile yamepigwa marufuku. Yamwage kabla ya mpaka na ukung'ute mifuko ya koti. Baada ya hapo ni mteremko wa kilomita kama 45 mpaka San Pedro. Kama una basi la kuunganisha, kumbuka kwamba kuanzia Septemba mpaka Aprili saa ya Chile iko mbele ya ile ya Bolivia kwa saa moja.