Nywele Zinanyonyoka? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Mafuta

Okota unywele mmoja ulioanguka, uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na kivimbe kidogo cheupe kwenye ncha, umenyonyoka na shina lake. Usipokuwa nacho, umekatika njiani, na mara nyingi wa kulaumiwa ni dawa ya kulainisha, pasi ya moto au ukavu. Nywele zinazokatika hutibiwa saluni na nyumbani. Zinazonyonyoka ndizo huweza kuwa na ugonjwa nyuma yake.

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ukifumua misuko ya mwezi mzima utaona furushi, na usitishike: ni za siku zote hizo, zilikuwa zimezuiwa tu.

Zikipungua kichwa kizima, rudi nyuma miezi 2 hadi 3. Ulijifungua? Uliugua malaria kali au taifodi, ulifanyiwa upasuaji, ulifiwa, ulijinyima chakula upunguze mwili? Mshtuko wa namna hiyo huziingiza nywele nyingi kwa mpigo kwenye kipindi cha kupumzika, na hudondoka baadaye, mwenyewe ameshasahau homa. Kwa hiyo shampuu mpya husingiziwa bure. Kwa kawaida hali hii hutulia ndani ya miezi 6.

Isipotulia, au kama hakukuwa na tukio lolote, omba vipimo vitatu: picha kamili ya damu, feritini na TSH, yaani homoni inayoonyesha utendaji wa tezi ya shingo. Usikubali kuishia kwenye wingi wa damu. Himoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba ya chuma imekwisha, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, na feritini ndiyo huonyesha akiba hiyo. Usiipime ukiwa na homa au maambukizi, kwani hupanda na kuficha upungufu. Kama unatumia vidonge vya bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, mwambie daktari mapema. Huvuruga majibu ya tezi, na huachwa angalau siku 2 kabla, zaidi kama dozi ni kubwa.

Ukiandikiwa vidonge vya chuma, usivimeze na chai wala maziwa. Acha nafasi ya saa 2. Vitumie kwa miezi, si kwa wiki. Nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kwa hiyo kioo kitachelewa kukuonyesha nafuu.

Mabaka ni habari nyingine. Mtoto mwenye baka lenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi huenda ana mapunye. Krimu peke yake haifiki kwenye shina. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na ndugu zake wakaguliwe. Baka la duara, laini, lisilo na magamba hutokana na kinga ya mwili kushambulia mashina. Kwa mtu mzima, vibaka vingi vidogo kana kwamba vimetafunwa ni sababu ya kupima kaswende.

Zikipungua pembeni mwa uso, legeza misuko leo. Zikipungua utosini, na ngozi ikiwasha, ikiuma au kung'aa, muone daktari wa ngozi wiki hii: shina likishageuka kovu halioti tena.

Hedhi inayoruka pamoja na ndevu kidevuni huelekeza kwenye homoni. Na kama unatumia valproeti (dawa ya kifafa) au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), nazo zaweza kupunguza nywele, lakini usiziache bila daktari. Kifafa au damu kuganda ni hatari kubwa zaidi.