Uvimbe wa kifua usiouma: kabla hujashika kisu

Matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Tanga, nazungumzia jipu baridi la ukuta wa kifua, lile linaloletwa na kifua kikuu. Ni nadra, na ndiyo maana linatuponyoka. Mkata mkonge mmoja wa Muheza alitufikia na tundu ubavuni, shati limegandia usaha. Mahali fulani alipasuliwa kama mwenye jipu la kawaida, akafungwa bendeji, akarudishwa kazini. Miezi mitano tundu halikufunga.

Hatua ya 1: ondoa la dharura. Maumivu makali kuliko ngozi inavyoonyesha, malengelenge, ngozi kuwa nyeusi, au kitu kama viputo vya hewa vikipasuka chini ya kidole: hiyo ni nyama inayooza. Weka dripu, anza antibiotiki za mshipa, mgonjwa aondoke saa hiyo hiyo kwenda kwenye upasuaji. Nyama iliyokufa isipokatwa, dawa peke yake haimwokoi.

Hatua ya 2: weka kiganja. Jipu la kawaida linachoma mkono. Hili halina joto wala wekundu, na linabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Kisha mwambie akohoe. Likituna anapokohoa, huenda usaha umetoboa kutoka kwenye utando wa mapafu, na huyo atahitaji mpira wa kifuani wa kutolea usaha, mpe rufaa. Uliza kuhusu kukonda na jasho la usiku. Piga eksirei, lakini mapafu yakionekana safi usitulie, maana ugonjwa unaweza kuwa ukutani tu.

Hatua ya 3: nyonya, usipasue. Hapa ndipo tunapoharibu. Ukipasua kabla ya dawa, unafungua tundu lisilofunga. Chukua sindano nene, ingilia pembeni kwenye ngozi nzima, upande wa juu wa uvimbe, uipitishe kwa mshazari. Ukichoma chini, usaha utaifuata njia ya sindano. Usielekeze ncha moja kwa moja kati ya mbavu, pafu liko karibu. Ultrasaundi ikiwepo, itumie. Usaha wenyewe mara nyingi ni mwepesi, una vipande vyeupe kama maziwa ya mgando.

Hatua ya 4: maabara. Peleka usaha wenyewe kwenye chupa safi isiyo na fomalini (dawa ya kuhifadhia vinyama), siyo pamba iliyochovywa. Omba GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu) na kuotesha vimelea, na upime VVU. Jibu hasi halimalizi shauri. Omba kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa jipu, kipimwe.

Hatua ya 5: dawa. Rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4, kwa uzito wa mgonjwa. Mbavu zikiwa zimeliwa, muda hurefushwa. Mweleze mapema kwamba mkojo utakuwa rangi ya chungwa, asije akaacha dawa akidhani anakojoa damu. Jipu likijaa tena wiki za mwanzo, usikimbilie kubadili dawa: nyonya tena, pembeni vile vile.