Jinsi ya kuendesha timu ya madogo mtaani ili mpira uwajenge, sio uwaharibu

Kila tukikaa kijiweni lazima hili swali litokee, eti michezo inamjenga kijana au inampotezea tu mda wa shule. Mimi nipo na timu ya madogo wa mchangani huku Dar mda sasa, na nnavyoona mpira wenyewe haumjengi mtu tabia yoyote. Uwanja uleule unafundisha uvumilivu na kushirikiana, na uwanja huohuo unafundisha kumpiga refa, kujirusha chini na kudanganya umri. Kinachomjenga mtoto ni utaratibu mnaouweka nje ya mpira, na hasa kama huo utaratibu unasimama siku ambayo kuusimamia kunauma. Kwahiyo kama unataka kuanzisha timu mtaani kwako, au mwanao tayari yupo kwenye timu na unataka kujua kama yupo pazuri, fuata haya.

Anza na daftari kabla hujatafuta mpira. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa, namba ya mzazi, alafu ukurasa wa mahudhurio. Kaa na madogo chini wenyewe waseme sheria, usiwasomee wewe, na zisizidi nne tano maana zikiwa nyingi hata wewe utazisahau. Wakishazisema utashangaa, watoto huwa wakali kuliko watu wazima, wengine watataka anayetukana afukuzwe kabisa, sasa kazi yako hapo ni kuwapunguza munkari. Za msingi ni kuchelewa, kutukana na kupigana, kutoroka shule kuja tizi, na kutunza vifaa. Kila sheria iwe na adhabu yake inayojulikana mapema, mfano atakayechelewa anaanzia benchi kipindi cha kwanza. Na adhabu isiwe kuchapwa wala kurushwa kichura mpaka mtoto atapike, hiyo haina uhusiano wowote na kosa.

Sasa hapa ndo timu nyingi zinafia. Jumamosi mna fainali ya kombe la mbuzi, mbuzi mwenyewe kafungwa pale kwenye mti anakula maganda ya ndizi, uwanja umejaa, na straika wenu, yule dogo mwenye magoli yote, anatokea wenzake wameshamaliza kupasha. Njumu kazishika mkononi, anatembea taratibu, hana hata wasiwasi maana anajua bila yeye hamchomoki. Mwenyekiti aliyetoa hela ya jezi anakuja sikioni, kocha acha utani bwana mwingize huyo. Ukiangalia vizuri, madogo wengine wote hawamwangalii yeye, wanakuangalia wewe. Ukimwanzisha, umeshawafundisha wote kwamba sheria ni za wasiojua mpira, na hilo somo hawatalisahau hata uwape semina za nidhamu mwaka mzima, na yeye mwenyewe umemharibu zaidi maana siku akikutana na kocha asiyebembeleza ataachwa na hatajua kwanini.

Ila kabla hujamkalisha, muulize, na umuulize pembeni sio mbele ya watu. Kuna mtoto anachelewa sababu kaachiwa mdogo wake mpaka mama arudi sokoni, huyo sio mtovu wa nidhamu, huyo mwambie siku nyingine aje nae tu, mtoto akae pale kwenye mabegi mtamwangalia. Kama kachelewa kwa kuringa basi benchi, kipindi cha pili aingie kama sheria ilivyosema, bila maneno ya kumsimanga. Mkifungwa mmefungwa, mbuzi ataliwa na wengine.

Kitu kingine, wape kazi zisizo za kucheza. Wenzetu Nairobi walilifanya hili vizuri sana, MYSA, chama cha michezo cha vijana kule mtaa wa Mathare, ilianza 1987 na waliweka utaratibu kwamba timu ikitoka kufanya usafi wa mtaa inaongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi, yani unaweza kushinda mechi zako na bado ukapitwa na timu iliyozoa taka kuliko nyie. Na vijana wenyewe ndo walikuwa wanaongoza ligi, wanachezesha, wanafundisha wadogo zao. Watu wanadhani mambo kama hayo yanapunguza makali ya mpira lakini timu iliyotoka humohumo, Mathare United, ilibeba ligi kuu ya Kenya 2008. Mtaani kwako huna haja ya mradi mkubwa. Weka zamu ya kufua jezi, na staa nae afue. Weka zamu ya kutunza mipira na pampu. Na yule dogo anayegombana na refa kila mechi mpe filimbi siku ya mazoezi achezeshe dakika ishirini, atakuja mwenyewe kukwambia kocha hawa jamaa wabishi, ukikaa nae baada ya hapo mtaongea vizuri.

Kwa wadogo chini ya miaka kumi na mbili, wote wacheze. Usibishane na mtu kwenye hili.

Umri nao usiuchezee. Najua kila mtu anafanya, najua na timu pinzani wanaleta watu wana ndevu, lakini mtoto ukimpa cheti cha uongo umemwambia kwa mdomo wako kwamba kuishi ni kudanganya. Na kuna siku unaumbuka, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walishafuzu AFCON ya U17, yani kombe la Afrika la umri huo, ya 2005 wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, nchi nzima ikakosa. Alafu 2017 mambo yakageuka, Kongo Brazzaville wakaondolewa kwa tatizo hilohilo la umri na sisi ndo tukapewa nafasi yao tukaenda Gabon. Siku hizi wanapiga picha ya kiganja kwa mashine ya MRI, mifupa haina ndugu. Wahimize wazazi wakachukue cheti cha kuzaliwa cha RITA mapema, mtoto akichaguliwa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) au UMISSETA (ya sekondari) kinahitajika fasta. Na hapohapo niseme kuhusu ile kamati ya ufundi, mnaelewa nayoongelea, kama mna hela ya kumpa mganga basi mna hela ya kununua bandeji na barafu, na madogo wanaona kila kitu.

Tuje kwenye shule maana wazazi wengi wanaogopa hapa. Piga hesabu nao. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila moja inaanzisha kumi na moja, hizo ni nafasi 176 nchi nzima na humo wageni wamejaa. Mbwana Samatta katoka Mbagala akapita Mazembe ya Kongo, Genk ya Ubelgiji mpaka Aston Villa ya Uingereza, sawa, lakini ni Samatta mmoja na Mbagala ina vijana wangapi. Mtoto aambiwe ukweli huu bila kukatishwa tamaa. Mimi sikubaliani na wazazi wanaomkataza mtoto mpira kwasababu kafeli hesabu, mara nyingi ukimtoa uwanjani hendi kusoma, anaenda kijiweni kwenye kubeti. Bora mazoezi yaanze nusu saa baadaye, hiyo nusu saa waje na madaftari wakae kivulini, wakubwa wawasaidie wadogo, na ripoti ya shule uione kila muhula. Waelezee pia kwamba michezo ina milango mingi. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, leo watoto wengi wanamjua kwa shule zake za Kimara na Kibaha. Hasheem Thabeet alianza kikapu ana miaka 15, kikampeleka chuo kikuu cha Connecticut Marekani kisha akachaguliwa namba mbili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Na wengine watakuwa marefa, madaktari wa timu, watangazaji.

Wasichana wasibaki kufua jezi za wakaka, wape siku zao za uwanja na mpira wao, na awepo mwanamke mtu mzima mazoezini. Hili la usalama ni la wote kwa kweli. Mtoto asibaki peke yake na kocha chumbani au kwenye gari, mkisafiri muwe watu wazima wawili na zaidi, meseji zipite kwenye grupu la wazazi sio kwa mtoto usiku. Mzazi ukiona kocha anakwepa utaratibu kama huu, mtoe mwanao hapo hata kama timu inashinda makombe.

La mwisho ni mawakala, maana dogo akianza kung'ara watakuja. Atatokea mtu na suti na picha za viwanja vya Ulaya, anasema ana nafasi ya majaribio Uturuki au Ubelgiji, anataka hela ya viza na tiketi, dogo ana miaka 15. Sheria za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhamia huko kwa mambo yao yasiyo ya mpira. Kwahiyo akishasema ana klabu ya nje inayomsajili huyo mtoto sasa hivi, mzazi asiuze kiwanja, asitoe hata nauli. Badala yake nendeni chama cha mpira wilaya mkasajili timu na wachezaji rasmi, na ule usajili mtunze nakala. Mchezaji akija kuuzwa nje siku moja, asilimia 5 ya hela ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliofikisha 12 mpaka 23, na timu isiyo na usajili inabaki inapiga picha nae tu akija likizo.