Kusajili redio ya CBRS: urefu wa antena usiubahatishe

Haya ni kwa mafundi wenzangu mlioko Marekani. Nimemsaidia kijana mmoja huko Virginia ambaye redio yake ilikataliwa kila alipoisajili, na tatizo lilikuwa hatua ya 2.

CBRS ni masafa ya 3550 hadi 3700 MHz ya mitandao isiyo na waya, nasi tunayatumia pamoja na serikali. Rada za Jeshi la Wanamaji zina haki ya kwanza, wanafuata wenye leseni za kipaumbele (PAL) za mnada wa 2020, kisha sisi watumiaji wa kawaida (GAA) tusiolipia leseni. Anayegawa ni mfumo wa kompyuta uitwao SAS.

Hatua ya 1. Jua daraja la redio yako. A mwisho wake ni 30 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa kila MHz 10, B hufika 47. B inasajiliwa na fundi mwenye cheti cha CPI, yaani cha kufunga redio hizi.

Hatua ya 2. Mahali na urefu. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inaruhusu kosa la mita 50 kwa mlalo, lakini kwa wima ni mita 3 tu. Simu itakupa mlalo mzuri. Urefu wake usiuguse. Ukisimama ufukweni Norfolk, kipokezi cha GPS kinachopima kwa umbo la kihesabu la dunia kinaweza kukuambia uko mita 30 na ushei chini ya bahari! Kwa hiyo mimi huchagua AGL, yaani urefu kutoka ardhini, nikapima kwa leza. Leza ikishindikana, ninginiza utepe kutoka juu. Na ardhini ni ardhini, si darini: jengo la mita 12 na mlingoti wa mita 2, andika 14. Ukiandika 2, SAS itakokotoa mwingiliano wa antena isiyokuwepo. Uelekeo wa antena nao huhesabiwa kutoka kaskazini halisi. Huko Virginia dira inapotoka kwa takriban digrii 10, na ukiisogeza karibu na mlingoti wa chuma ndiyo inapotea kabisa. Pima kwenye ramani ya setilaiti.

Hatua ya 3. Sajili, omba masafa. Mifumo ya SAS hupatanisha hesabu zake usiku, hivyo jibu likichelewa usianze kufungua nati. Subiri asubuhi.

Hatua ya 4. Redio ikishawaka huendelea kuomba ruhusa kwa SAS muda wote. Vihisi vya pwani vikinasa rada ya manowari, SAS ikitoa amri, redio inyamaze ndani ya sekunde 60. Ukiwa karibu na bahari omba 3650 kwenda juu, ambako leseni za PAL hazipo na rada za meli hazikusumbui, ila angalia kwanza kama hakuna kituo cha setilaiti kinacholindwa jirani.