Somo: Kukausha waridi lisioze wala kupukutika

Ua bichi ni maji kwa sehemu kubwa, na kazi yote ni kuyatoa kabla ukungu haujaingia. Ndiyo maana njia inayofaa Nakuru inaweza kumharibia kazi mtu wa Kisumu. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na Januari hadi Februari hewa yake ni kavu. Shada ukilitundika tu, linakauka. Kisumu iko chini kando ya ziwa, joto na unyevu vikiwa pamoja, kwa hiyo huko ua linahitaji kufukiwa ndani ya kitu kinachonyonya maji.

Kuchagua ua

Chukua waridi lililofunguka nusu. Lililofunguka kabisa litamwaga petali, na tumba bichi hukauka nje huku moyo wake ukibaki na maji. La bustanini likate kama saa nne asubuhi, umande ukishakauka. La kununua, kama yale ya Naivasha yanayouzwa mjini, litoe kwenye maji, pangusa shina, kisha ung'oe petali za nje zilizochubuka. Pale palipochubuka pataiva hudhurungi kama parachichi lililokatwa, na hakuna dawa ya kuparudisha.

Kutundika

Toa majani ya chini. Funga mashina 5 au 6 kwa raba bendi. Uzi haufai, kwa sababu mashina hunywea yakikauka na maua yote huanguka. Yatundike vichwa vikiwa chini, mahali penye giza na hewa inayopita, wiki 2 hadi 3. Juu ya dari, chini ya mabati, ni pazuri wakati wa kiangazi. Jikoni hapana, mvuke wa sufuria utakurudisha nyuma kila jioni. Yako tayari shina likivunjika kwa mlio badala ya kupinda.

Kufukia kwa silika

Silika (silica gel) ni chembe kavu zinazonyonya maji. Hii ndiyo njia inayolinda umbo na rangi, basi tusiikimbilie.

1. Tafuta silika ya chembe laini kama sukari. Zile punje za mviringo huacha vishimo kwenye petali. Chombo cha lita 2 humeza takriban kilo moja na nusu. (Vile vifuko vinavyokuja na viatu vipya havitoshi hata ua moja, viweke, vitakufaa baadaye.)

2. Kata shina libaki sentimita 3. Ukitaka shina la waya, lipenyeze sasa. Ua likishakauka, kitako chake kitapasuka ukijaribu.

3. Mwaga silika sentimita 3 chini ya chombo, simamisha ua, kisha ujaze pembeni kwanza mpaka ifike usawa wa petali. Ndipo uingize kati ya petali kwa kijiko, kidogo kidogo, ukigongagonga chombo. Ukimwaga kutoka juu kwa pupa, ua litalala bapa na halitainuka tena.

4. Likishazama kabisa, funga kifuniko kwa utepe wa gundi. Silika iliyo wazi itakunywa unyevu wa chumba badala ya wa ua.

5. Fungua siku ya 5. Petali ziwe kama karatasi na kitako kiwe kigumu. Kitako kikibonyea, rudisha siku 2. Ukisahau mwezi mzima, ua litavunjika ukiligusa.

6. Mimina silika polepole, ua likitua kiganjani. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi. Petali iliyolegea iwekee tone la gundi nyeupe pale inaposhikana na ua.

Silika ikibadilika rangi imeshiba. Itandaze kwenye trei, uioke kwa nyuzi 120 kwa saa 2. Aina ya buluu ina kemikali ya kobalti yenye sumu, kwa hiyo trei hiyo isirudi kwenye chakula. Ya rangi ya chungwa ni afadhali.

Huna silika? Mchanga wa mto unafaa: uoshe mpaka maji yawe meupe, ukaushe kabisa, uuchekeche kwa chekecheke laini. Ule wa ufuo wa Ziwa Elementaita uache, una magadi, na chumvi huvuta unyevu. Angalia tofauti hii: mchanga haunyonyi, hushikilia umbo tu, hivyo kopo liache wazi, wiki 2 hadi 3.

Maswali ya wanachama

Habari mwalimu, niko Kisumu. Nilitumia mchanga nikafunika kopo. Nimekuta manyoya meupe ndani ya ua.
Ni ukungu, dada. Kifuniko kilifungia maji ndani. Mchanga huo uuoke au uukaange kwenye sufuria kuukuu kabla ya kuutumia tena, na ua ulitupe.

Waridi jekundu limekuwa jeusi. Nilikosea wapi?
Hukukosea. Maji yakipungua rangi hukolea, na nyekundu ya damu huishia karibu na nyeusi. Anza na la waridi-pinki, la chungwa au la manjano. Jeupe huwa rangi ya maziwa ya mgando, ujue mapema.

Naweza kubana bogainvilia kitabuni?
Inakubali kuliko waridi, kwa kuwa ni nyembamba. Karatasi nyeupe iguse ua, gazeti likae nje, maana wino huhama. Badilisha karatasi siku ya pili.

Nimeyamwagia maua rezini (ile gundi ya maji inayoganda ngumu kama kioo), yakawa kahawia na mapovu yakatoka.
Kitako kilikuwa bado na maji. Waridi zima likae kwenye silika siku 7 kabla ya rezini, au tumia petali peke yake.

Nimeshakausha, sasa nayahifadhije huku ziwani?
Fremu yenye kina na kioo, mbali na jua la dirishani. Kabla ya kufunga, weka vile vifuko vya viatu nyuma ya kadibodi, baada ya kuhakikisha havijashiba. Ukiona unga mwembamba chini ya ua, kuna mdudu: litie kwenye mfuko uliofungwa, siku 4 kwenye friza, na usiufungue mpaka upate joto la chumba, la sivyo umande utalilowesha upya.